Tisa, Kisha Moja

Kocha alikuja kupimwa koti siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, na fundi alimtambua kabla hajavuka kizingiti. Hakumtambua kwa uso, maana uso ulikuwa umezeeka, mashavu yameshuka, nywele zimebaki pembeni tu kama pindo la kitambaa kilichofumuka. Alimtambua kwa filimbi. Ilikuwa ile ile ya shaba, kwa kamba ile ile ya kiatu, na baada ya miaka ishirini na sita bado ilikuwa inagonga kifungo cha tatu cha shati lake anapotembea: ti, ti, ti.

Mguu wa fundi ukaganda juu ya kanyagio la cherehani.

"Hodi, fundi! Nimeelekezwa kwako na kamati. Wanasema wewe ndiye mwenye mkono."

"Karibu, mzee. Mkono ninao. Koti la shughuli gani?"

"Ina maana hujasikia? Ukumbi wa michezo unapewa jina langu! Jumamosi ya wiki ijayo. Sasa siwezi kwenda kufunuliwa kibao nimevaa suruali ya mazoezi kama kijana." Akacheka, akajitazama kwenye kioo kirefu kilichopasuka kona. "Vijana wenyewe wa siku hizi hawana hata pumzi."

"Hongera," alisema fundi.

Kocha hakumtambua, na angemtambuaje? Siku zile, kwenye kiwanda walichofanyia kazi wote wawili, kulikuwa na timu ya netiboli ya wasichana, na wasichana wale walikuwa na picha zao ukutani. Fundi hakuwa na picha. Yeye alikuwa anakaa stoo, chumba kilichopakana na ukumbi wa mazoezi, ukuta wa mbao tupu, akishona sketi za timu zenye marinda kumi na sita kila moja. Kocha alikuwa anamwita "wewe wa sketi". Akitaka kitu anagonga mbao kwa filimbi na kusema, "Wewe wa sketi, leta!" Mtu akiitwa hivyo miaka minne, usitegemee kukumbukwa sura.

Lakini yule aliyekuwa akiruka juu kuliko wote, aliyekuwa akitua bila kishindo hata wenzake wakamwita Unyoya, alikuwa mdogo wake fundi. Baba mmoja, mama mmoja. Fundi ndiye aliyemfundisha kutembea, akimshika vidole viwili.

Kocha alikuwa na mtindo wake wa kuhesabu, na huu ndio hasa ninaotaka uushike, kwa sababu ndio uliobeba mambo yote. Aliwaweka wasichana mstari mmoja, wanaruka kichurachura, mikono nyuma ya masikio, naye anahesabu. Moja, mbili, tatu, mpaka tisa. Alikuwa amewaambia tangu siku ya kwanza: "Mkisikia kumi, kaeni chini mpumzike." Basi anafika saba, nane, tisa, wasichana wameshaanza kulegeza magoti kwa matumaini, halafu anasema, "Moja!" Wanaanza upya. Hawakuwahi kuisikia kumi. Akichoka yeye mwenyewe, anaondoka bila kusema lolote, nao wanabaki wamechuchumaa wakiogopa kusimama.

Siku ile Unyoya alikuwa na goti lililovimba. Aliomba apumzike. Kocha akamwambia goti ni la kuchezea, si la kudekezea, kisha akawaacha wenzake wasimame pembeni watazame, yeye peke yake aruke. Fundi alikuwa upande wa pili wa mbao na rinda la kumi na moja mkononi. Alihesabu zile tisa tisa, mzunguko kwa mzunguko. Zilifika ishirini na mbili. Katika ya ishirini na tatu alisikia kitu kama kijiti kikavu kikivunjika, na baada ya hapo kimya, na baada ya kimya sauti ya kocha, tulivu kabisa, kama ya mtu anayeagiza chai:

"Moja."

Kiwanda kiliitisha kikao. Kocha akasimama, akasema mazoezi yake ni ya kumi kumi, na kila ikifika kumi watu wanapumzika. Kwamba siku ile yeye alikuwa ameshaondoka, na yule binti aliumia kwa utundu wake, akiruka peke yake ili ajionyeshe. Wasichana waliulizwa, wakatazama viatu vyao. Fundi akanyoosha mkono, akasema yote. Wakamuuliza, "Ulikuwa wapi?" Akasema, nyuma ya ukuta. "Kwa hiyo ulisikia, hukuona." Na karani wa kikao, binti mmoja mwenye mwandiko mzuri sana, akaandika kwenye daftari: *Hakuona.* Na chini yake, kuhusu Unyoya: *Mtovu wa nidhamu.* Kwenye picha ya timu walimkata kwa mkasi. Ukabaki mkono wake mmoja tu, juu ya bega la jirani yake, mkono usio na mtu.

Basi huyo ndiye aliyekuwa amesimama mbele ya kioo siku ya Jumanne, mikono ameitandaza, anasubiri kupimwa.

Fundi alichukua futi akaipitisha shingoni mwa kocha. Niseme ukweli, vidole vilikaa pale shingoni muda mrefu kuliko shingo inavyohitaji. Kisha akaishusha, akapima bega, kifua, mkono. Akaanza kubana kitambaa kwa pini, na kama ilivyo desturi yake alizihesabu kwa sauti, kwa sababu pini ikisahaulika ndani ya nguo humchoma mteja. "Moja. Mbili. Tatu." Alipofika tisa, pini ya kumi alikuwa ameibana midomoni, akashindwa kusema.

"Moja," akasema kocha.

Fundi akainua macho. Kocha alikuwa anajipangusa bega, anajitazama tumbo, mawazo yako mbali.

Fundi akaitoa ile pini mdomoni. Akahamia upande wa pili, akaanza tena, polepole. "Saba… nane… tisa…" Akanyamaza.

"Moja," akasema kocha. Halafu akaongeza, "Hapa kwapani usinibane, fundi. Mimi mtu wa kunyanyua mkono."

Hakuwa anajua kama amesema. Lilimtoka kama mtu anavyoitika "karibu" akisikia hodi, hata akiwa usingizini. Alimdanganya kila mtu, ila ulimi wake mwenyewe hakuwahi kuufundisha uongo.

"Usiwe na wasiwasi, mzee," fundi akamwambia. "Nitakushonea unavyostahili."

Alipoondoka, ndipo Unyoya alipoingia kutoka kununua uzi, mguu wa kulia umenyooka kama mpini wa jembe, kwa sababu tangu siku ile haukunjiki. Akaketi kwenye kiti chake cha kushonea vifungo. "Nani alikuwepo? Naona umeiva uso kama umekula pilipili."

"Mteja," fundi akasema.

Sasa, kwa sherehe hiyo hiyo kulikuwa na mwalimu wa dansi, mwanamke wa kama miaka thelathini, mwembamba, mwenye maneno mengi na mikono mingi zaidi. Alikuwa ameagiza kwa fundi nguo nane za onyesho. Alhamisi akaja kujaribisha.

"Hebu nieleze tena, mwanangu," fundi akamwambia akiwa chini anampima pindo. "Ni ngoma au ni mechi?"

"Si ngoma, si mechi, mama. Ni mchezo ambao sheria zote ziko mkononi mwa mtu mmoja. Mwamuzi anakaa kwenye kiti kirefu, wachezaji saba wamefungwa viunoni kwa lastiki, na lastiki zote zinaishia kwenye kiti chake. Wanakimbia, wanaruka, wanarusha mpira, na kila wakidhani wameshinda anawavuta."

"Na mwisho?"

Mwalimu akakuna kichwa. "Mwisho ndio unaoniua. Wanafungua lastiki, wanakimbia huku na huku wanapunga mikono. Lakini nikiwatazama naona kama watoto wametolewa shule mapema."

Fundi akacheka, akatema pini mbili kiganjani. "Mwisho ninao mimi."

Akamwonyesha. Waruke kichurachura, yule wa kitini ahesabu. Wakifika tisa, wagande. Mpira usidunde, ngoma isilie.

"Tugande mpaka lini?"

"Mpaka ajibiwe."

"Na nani?"

"Na mwenye kujua baada ya tisa ni ngapi."

Mwalimu wa dansi alimtazama. Alikuwa na maneno mengi lakini hakuwa mjinga. Akageuza macho kwenye lile koti la kijivu la kocha lililoning'inia msumarini, likisubiri kushonewa mikono, kisha kwa Unyoya aliyeinamia vifungo pembeni, mguu mbele. Akashusha sauti.

"Mama. Hii hesabu umeitoa wapi?"

"Nyuma ya ukuta."

"Ni yeye?"

"Mimi nashona tu, mwanangu."

"Wakinifukuza je?"

"Utakuwa umefanya kosa gani? Umehesabu mpaka tisa. Niambie ni nani aliyekataza tisa."

Mwalimu alipokwenda, Unyoya hakuinua kichwa. "Nimesikia, dada. Sijawa kiziwi, nimelemaa goti tu."

"Umesikia vizuri?"

"Nimesikia, na sitaki. Mimi goti langu nimeshalizoea. Wewe ndiye hujalizoea."

"Ndiyo. Sijalizoea."

"Ukimfedhehesha, nitapata goti jipya?"

"Hapana," fundi akasema. "Utapata jina lako. Na mimi nitaona yeye anavyoonekana akiwa amechuchumaa."

Unyoya akakata uzi kwa meno. Miaka yote aliyoishi na dada yake alimjua kwa uvumilivu: mtu wa kufumua mshono mara tatu kwa ajili ya uzi mmoja. Hakuwa amejua kwamba uvumilivu ule ulikuwa unasubiri kitu. "Nitakuja," akasema baadaye sana. "Lakini nitakaa mlangoni, nikitaka kuondoka niondoke."

Hakujificha usiku; fundi alifanya kazi yake mchana kweupe, mlango wazi, anasalimiana na wapita njia. Alilishona lile koti vizuri kuliko koti lolote alilowahi kushona: kola imelala, mifuko imenyooka, bitana haina hata kunyanzi moja. Isipokuwa kwapa la kulia. Pale alipitisha uzi wa bandi peke yake, ule mwepesi wa kushikizia tu, unaotolewa kazi ikiisha. Hakuwahi maishani kumtolea mteja mshono mbovu. Huu aliuweka kwa utulivu, umbali sawa, akiulainisha kwa kidole. Na kile kitambaa chekundu cha kufunikia kibao, ambacho nacho kamati walimwagiza, alikishonea kuzunguka kibao chenyewe, uzi mara mbili, ule wa kushonea maturubai, kisivutike.

Kisha akatuma salamu kwa wachezaji wa zamani waliobaki mjini. Sita. Kila mmoja aliambiwa neno moja tu: "Njoo usikilize."

Jumamosi ukumbi, ule ule wa kiwanda, ulijaa. Palinukia rangi mpya na nta ya sakafu. Ule ukuta wa mbao ulikuwa bado upo, sasa umepakwa rangi ya maziwa, na fundi alikwenda kukaa kwenye benchi lililoegemea pale pale, mgongo kwenye mbao, upande ambao hakuwahi kukaa. Wale wanawake sita walikaa safu ya nne, wanene, wembamba, mmoja na mjukuu mapajani. Unyoya mlangoni. Mbele kabisa, kwenye kiti chenye mto, kocha ndani ya koti lake la kijivu, filimbi kifuani. Na kando yake mwenyekiti wa kamati, mama wa makamo mwenye miwani, kipaza sauti mapajani. Fundi alimtazama vidole. Alivitambua. Vilikuwa vya yule karani mwenye mwandiko mzuri.

Onyesho likaanza. Mwalimu wa dansi mwenyewe ndiye aliyepanda kiti cha mwamuzi. Wale saba walikuwa wazuri, niseme haki. Walikimbia hadi lastiki zikalia, wakarudishwa, wakaanguka chali kwa pamoja kama nguo zilizodondoka kambani, wakainuka. Mmoja alifika na mpira hadi ukingoni, kidole kimoja kikavuka mstari, watu wakapiga makofi, mwamuzi akavuta. Kocha alikuwa anapiga goti lake kwa furaha. Akamnong'oneza mwenyekiti, na safu tatu zikasikia, "Hii ndiyo nidhamu!"

Kisha wakachuchumaa. Mikono nyuma ya masikio.

"Moja," ikasema sauti kitini. Wakaruka. "Mbili."

Safu ya nne, yule mwenye mjukuu akamshusha mtoto chini.

"Saba. Nane. Tisa."

Kimya. Wale saba wameganda wamechuchumaa, mapaja yanatetemeka. Mtu mmoja akakohoa. Mpira ukabingirika polepole ukasimama. Fundi akamwona mwalimu wa dansi anataka kukata tamaa, akasema moyoni, subiri, mwanangu, subiri kidogo tu.

"Moja!"

Kocha alikuwa amesimama. Mkono wa kulia juu, filimbi ndani yake, kama ilivyokuwa, kama miaka ishirini na sita ilikuwa jana. "Moja! Mnasubiri nini? Moja!" Na katika kile kimya, kwapa la koti likafumuka, *chrrrr*, kutoka kwapani hadi nusu ya mgongo, na shati jeupe likachungulia.

Watoto walicheka. Watu wazima wakaanza kucheka. Lakini safu ya nne hakuna aliyecheka. Mikono kumi na miwili ilikuwa imeshika magoti, yote kwa mara moja, bila kuambiana.

Mwenyekiti aliiona ile mikono. Akavua miwani. Kipaza sauti kilikuwa wazi.

"Kocha, baada ya tisa ni ngapi?"

"Ah, mheshimiwa, hii… ni michezo tu hii."

"Uliniambia ni kumi. Mwaka ule. Niliandika mimi, kwa mkono huu. Kumi kumi, na mapumziko."

"Ni kumi! Sasa si ni kumi!"

Mwanamke mmoja wa safu ya nne akasimama. "Hatujawahi kuisikia." Wa pili naye: "Hata siku moja." Na wa tatu, yule mwenye mjukuu, sauti inakwama: "Unyoya alikuomba apumzike. Tulikuwepo. Tulitazama viatu."

"Alikuwa anajitia kuumwa!" kocha akapaza sauti, koti linamning'inia. "Mngemwona! Nilisimama naye pale pale mpaka mwisho, na angetaka angeweza kuruka hata…"

Akasita. Akasikia alichokisema. Uso wake ukawa kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Kwa hiyo ulikuwepo," mwenyekiti akasema. Halafu akageuka taratibu, akatafuta kwenye mabenchi hadi macho yake yakamfikia fundi pale ukutani. Fundi naye hakumsaidia. Alimtazama tu, ili safari hii *aone*.

Wale saba walikuwa bado wamechuchumaa, maskini, jasho linawatoka puani.

Ndipo sauti ikatoka mlangoni, si kubwa.

"Kumi."

Unyoya alikuwa amesimama, ameshika mwimo wa mlango, mguu umenyooka. Wale saba wakakaa chini, puu, kama mizigo, wakafungua vifungo vya viunoni, na lastiki zote zikaruka kurudi zilikotoka, zikakigonga kiti kirefu. Na safu ya nne wale wanawake sita, na vilemba vyao na mikoba yao, nao wakashuka kwenye benchi wakakaa sakafuni. Mapumziko yao.

Kocha alitoka kwa mlango wa pembeni, mkono mmoja umebana kwapa. Fundi alimsindikiza kwa macho hadi alipopotea, na sitakudanganya kwamba alimwonea huruma. Alijisikia kama mtu aliyekunywa maji baridi baada ya kutembea kutwa. Mjumbe mmoja wa kamati, bado hajaelewa, alijaribu kuvuta kile kitambaa chekundu kibaoni. Akavuta, akavuta. Mwenyekiti akamwambia, "Kiache."

Jumatatu mwenyekiti alimwita Unyoya ofisini, akatoa daftari la zamani, akapiga mstari juu ya *Hakuona* na juu ya *Mtovu wa nidhamu*, akaandika maneno mapya chini yake kwa mwandiko ule ule mzuri. Unyoya aliyasoma mwenyewe, mara mbili. Aliporudi dukani hakusema mengi. Alisema tu, "Wino wake ni mzuri," akaketi kwenye vifungo vyake.

Wiki ile ile akaja kijana mmoja na mfuko. "Shikamoo, mama. Nimetumwa na baba mkwe. Koti lake limefumuka kidogo, na mwezi huu tuna harusi ya binti. Kaona haya kuja mwenyewe."

"Marahaba. Aone haya tu." Fundi akalitoa koti, akaligeuza, akaingiza mkono kwenye tundu la kwapa hadi kiwiko kikatokeza upande wa pili. "Kazi hii ni ya siku kumi, baba. Mwambie ahesabu mwenyewe. Ni mtu wa hesabu."

Akalitundika kwenye msumari karibu na dirisha, mgongo nje, barabara nzima ilione.

Siku ya kumi kijana akarudi, asubuhi na mapema. Koti lilikuwa msumarini vile vile, tundu vile vile, na vumbi kidogo mabegani.

"Mama, si ulisema siku kumi? Jana ilikuwa ya tisa, nimehesabu mwenyewe. Sasa leo ni ya ngapi?"

Fundi akafungua mdomo ajibu. Lakini aliyejibu si yeye. Pembeni, kwenye kiti cha vifungo, mguu umenyooka mbele, bila kuinua macho kwenye sindano, mdogo wake alisema:

"Moja."